Katekista Ildefonsi na Msomaji Wake

Kwa miaka mingi, kila Jumapili ambayo padri hakuweza kufika kijiji cha Kitanga, wilayani Kasulu, ibada iliongozwa na Ildefonsi Ntirampeba. Alikuwa mkulima wa maharage na muhogo kama jirani zake, na juu ya hayo alikuwa katekista wa kigango, kanisa dogo la kijiji lililo chini ya parokia. Parokia iko mbali na padri ana vigango vingi. Kwa hiyo waumini walimwona Ildefonsi mbele ya altare mara nyingi kuliko walivyomwona padri mwenyewe.

Heshima yake ilitokana na kusoma. Alimaliza darasa la saba, hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, akakaa shambani mpaka parokia ilipompeleka kwenye mafunzo ya makatekista. Alirudi na kanzu nyeupe, na kitabu cha masomo ya ibada ambacho wakati wa masika alikizungushia nailoni kabla ya kukifunga kwenye baiskeli. Watu walimletea kadi za kliniki awasomee, na maelezo ya dawa za kuulia wadudu wa mahindi. Asubuhi walipokutana naye njiani, walipiga makofi taratibu na kuinama kidogo, "Mwakeye, Katekista," kwa unyenyekevu ambao hawakumpa mtu mwingine wa rika lake.

Kwa mtu wa namna hiyo, kuwa na mtoto asiyejua kusoma lilikuwa pigo. Mtoto huyo ni Odilia, binti yake wa kwanza. Alikuwa mwepesi wa kila kitu: alijua ukoo wa kila nyumba, alihesabu chenji sokoni kabla muuzaji hajamaliza kufikiri, na hadithi aliyoisikia mara moja aliisimulia yote. Lakini ukimwekea ukurasa mbele yake, herufi hazikutulia. Alianza neno vizuri, akarukia silabi ya mwisho, akarudi katikati, akapotea. Baba yake alidhani ni uvivu. Alitumia fimbo, na fimbo haikumfundisha mtoto kitu ila kuogopa kitabu.

Kisha ikaja sikukuu ya watoto kanisani. Ilikuwa desturi mtoto wa katekista asome somo la kwanza, na Odilia alikuwa darasa la nne. Ildefonsi hakuwa na ujasiri wa kumwambia mwenyekiti wa kigango kwamba binti yake hawezi. Basi wiki hiyo, walipokuwa wakipalilia maharage, alimtamkia somo mstari kwa mstari, naye Odilia akawa anarudia huku jembe likiendelea. Kabla hawajafika mwisho wa tuta la mwisho alikuwa amelishika lote.

Jumapili alipanda mimbarini, kitabu kikiwa wazi mbele yake, akalisema somo bila kukosea, akipandisha na kushusha sauti kama mtu mzima. Baba yake alisimama pembeni akichezesha midomo bila sauti, ili mtoto akisahau amtazame. Hakusahau. Wanawake walipiga vigelegele. Tangu siku hiyo Odilia akawa msomaji wa kigango.

Mtoto mwenyewe ndiye aliyeuliza swali ambalo mtu mzima alipaswa kujiuliza kwanza.

"Baba, nikishika kitabu na sisomi, si ni uongo?"

"Unayoyasema ni maneno ya Mungu au si maneno ya Mungu?"

"Ni ya Mungu."

"Basi uongo uko wapi?"

Uongo ulikuwa kwenye kitabu kilichofunguliwa ili watu waamini kisichokuwepo, na Ildefonsi alilijua hilo vizuri, maana ndiye aliyewafundisha watoto wa kijiji amri ya nane, ile ya kutosema uongo. Alifanya hivyo kwa kumpenda binti yake na kwa kuipenda heshima yake, na hakutaka kupima ni kipi kati ya hivyo viwili kilichozidi.

Mtihani wa darasa la saba ulikuwa wa kuchagua majibu, na Odilia alipita kwa kubahatisha na kwa maneno machache aliyoyatambua kwa sura. Sekondari ya kata ndiyo iliyomkwamisha. Huko kila kitu ni Kiingereza na kila kitu kiko ubaoni. Alifeli kidato cha pili, akarudia. Akifeli tena, safari yake ya shule ingeishia hapo, na kila mtu nyumbani alilijua hilo. Darasani walimwita Redio, kwa kuwa alirudia neno kwa neno alichosema mwalimu, lakini akipewa kitabu alinyamaza.

"Redio, vipi, betri zimeisha?" wavulana wa nyuma walimwuliza.

"Mpigeni makofi mgongoni, labda atashika stesheni."

Mwalimu wa baiolojia, Ghati, hakucheka. Ghati alikuwa mwenyeji wa Tarime aliyepangiwa kazi Kasulu, mwanamke mfupi mwenye sauti kali. Aliona kwamba binti huyu, akiulizwa kwa mdomo, alieleza mzunguko wa damu vizuri kuliko wenzake wote, na akiandika, karatasi yake haisomeki. Alimpeleka hospitali kupimwa macho. Macho yalikuwa mazima. Alipiga simu kwa rafiki yake wa elimu maalumu, akauliza na kusoma, na mwisho akafika nyumbani kwa Ildefonsi jioni moja, akakaribishwa kiti na ugali wa muhogo.

"Baba Odilia, mwanao hana uvivu wala ujinga," alisema. "Ana ulemavu wa kujifunza. Akili yake haina kasoro, ila kusoma herufi hakumwendi kama kunavyowaendea wengine. Kuna mfuko wa elimu wenye ofisi Kibondo. Unafadhili wanafunzi wa sekondari wenye shida hiyo: hosteli mjini Kasulu, mwalimu maalumu, na kifaa kinachomsomea kitabu kwa sauti. Kila mwaka wanachukua wachache. Nataka kumwombea."

Ildefonsi aliweka tonge chini. "Mwalimu, mwanangu si mlemavu."

Mke wake, ambaye alikuwa akimenya muhogo mlangoni, hakuinua uso. "Kama jina hilo linampa shule, mwite," alisema. "Wewe ulimwita mvivu, na hukupewa hata daftari."

Mwalimu Ghati alijizuia asicheke. Ildefonsi alikubali. Lakini jambo la mimbarini hakulitaja. Ghati ni Msabato, anasali Jumamosi upande wa pili wa kata, na hakuwahi kuisikia ibada ya kigango. Hakuuliza, na Ildefonsi alijiambia kwamba asiyeulizwa hana la kujibu.

Maombi yalipita hatua ya kwanza. Ofisi ya Kibondo ikamtuma afisa wake, kijana aitwaye Brighton, aje amwone mwanafunzi, shule na familia. Alitarajiwa Ijumaa. Mvua iliharibu njia ya kuingia kijijini, akatuma ujumbe kwamba atapita Jumapili asubuhi akielekea Kasulu mjini.

Habari hiyo ilimfikia Hatungimana, mwenyekiti wa kigango, mzee mwenye furaha nyingi na subira kidogo. Kwake yeye, mgeni anayemletea mtoto wa kigango msaada lazima aonyeshwe kwamba msaada hautapotea. Ndivyo watu wa huku walivyolelewa: mgeni akija, hutolewa mkeka ulio mzima, na wenye tundu hufichwa. Akaja mbio kwa Ildefonsi.

"Somo la Jumapili ni la Odilia! Wageni waone tumelea mtoto gani."

"Zamu hii alikuwa asome mtoto wa Bazilio," Ildefonsi alisema.

"Yule anayekwama kila mstari? Unataka kutuaibisha? Hapana, Katekista. Odilia."

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema kweli, na Ildefonsi aliiacha ipite. Kukataa kungemlazimu kueleza. Akamfundisha binti yake somo kama zamu zake zote. Odilia aliliweka kichwani, kisha akasema, "Baba, hao wageni wanakuja kwa sababu siwezi kusoma."

"Ya shule ni ya shule, ya kanisa ni ya kanisa."

Jumapili Brighton alifika na gari lililojaa matope, akiwa na fulana yenye nembo ya mfuko wa elimu na begi la kompyuta. Mwalimu Ghati alikuja pia ili kumpokea, na Hatungimana akawakalisha wote wawili benchi la mbele kabisa, hatua chache kutoka mimbarini. Odilia akapanda. Akafungua kitabu palipowekwa utepe, akatulia, akaanza.

Hakuwahi kusoma vizuri kama siku ile. Sauti ilifika mpaka kwa watoto waliokaa sakafuni nyuma. Brighton alimtazama kwa mshangao, kisha akalifunga begi lake. Ildefonsi, pembeni, midomo ikicheza, aliona begi likifungwa. Ghati naye aliona kitu kingine: somo lilikuwa refu, likapita ukurasa mmoja na kuingia wa pili, na Odilia hakufunua ukurasa.

Baada ya ibada, watu walipotoka nje kwa ajili ya mnada wa sadaka, kuku na mikungu ya ndizi ikipangwa chini, Brighton alimvuta Ghati kando.

"Madam, huyu ndiye asiyeweza kusoma? Aisee, huyu anafaa kusoma taarifa ya habari."

"Brighton, ngoja kwanza."

"Ningoje nini? Nimesikia kwa masikio yangu."

Hatungimana alikuwa karibu, akapokea sifa kama zake. "Umesikia, mgeni wetu? Tangu darasa la nne huyo! Hajawahi kukosea hata neno. Muulize yeyote hapa."

"Ndiyo hivyo, mzee wangu," Brighton alisema, akimgeukia Ghati. "Shule imeandika kwamba hawezi, kanisa zima linashuhudia kwamba anaweza. Nafasi zimebaki chache, na kuna mtoto mwingine nitamwona leo mjini. Huyu namwondoa. Na mkuu wako wa shule atatakiwa aeleze."

Ghati alimwacha hapo. Aliingia kanisani na kwenda moja kwa moja sakristia, ambako Ildefonsi alikuwa akivua kanzu na Odilia akikunja kitambaa cha altare.

"Katekista, binti hakufunua ukurasa."

Ildefonsi alibaki na mkono mmoja ndani ya kanzu.

"Miezi yote nimeandika kwamba mtoto huyu hawezi kusoma," Ghati aliendelea, "na wewe umekaa kimya. Yule kijana anaondoka sasa hivi. Anaona mimi ni mwongo, shule nayo inadanganya, na nafasi ya Odilia inaondoka na gari lake. Mimi nitahamishwa, nitaishi. Huyu je?"

"Mwalimu, hawa watu wananisikiliza kwa kuwa wananiamini. Nikisimama leo niseme kwamba kila Jumapili..."

"Sitaki kujua utasemaje. Kazi ya kusema kweli ni yako, ndiyo unayowafundisha wenzako."

Odilia alimaliza kukunja kitambaa, akakiweka mezani. "Baba," alisema, "nimechoka kuwa redio."

Hakusema kwa hasira. Kama angesema kwa hasira, pengine baba yake angepata pa kujificha. Ildefonsi aliirudisha kanzu mwilini kwa mazoea, kisha akaitazama, akaivua, akaitundika. Akatoka na shati lake la kawaida.

Nje Brighton alikuwa ameshafungua mlango wa gari. Ildefonsi alichukua chuma na kugonga rimu la gari linalotumika kama kengele ya kigango. Mnada ulisimama. Mtu mmoja alikuwa ameshika jogoo juu, akabaki amemshika.

"Ndugu zangu, na wewe mgeni, nawaomba msiondoke," alisema Ildefonsi. "Odilia hajui kusoma. Somo la leo nilimfundisha kwa mdomo shambani. La Jumapili iliyopita pia. Yote, tangu siku ile ya sikukuu ya watoto. Kitabu mlichokiona mbele yake kilikuwa kiinimacho, na aliyekiweka ni mimi. Mtoto aliniuliza kama ni uongo, nikamjibu vibaya. Mwalimu huyu hakujua. Yeye na shule wameandika kweli tupu."

Kisha bibi mmoja aliyekaa kwenye mizizi ya mkaratusi akapiga paja lake. "Ma we! Kumbe kichwa cha yule mtoto ni kitabu chenye nywele!"

Wachache walicheka. Wengi hawakucheka. Hatungimana uso ulimbadilika. "Ildefonsi," alisema, bila kumwita Katekista, "umenifanya nimwambie mgeni maneno gani?"

"Nimekukosea. Nimewakosea wote."

Brighton alirudi taratibu, simu mkononi. Alikuwa kijana mwenye haki, lakini alikuwa na haraka. "Sawa, mzee. Mimi siwezi kubadilisha uamuzi kwa hotuba. Hapa kwenye simu nina habari ya leo. Aje aisome hapa hapa, tuone sote."

Watu walisogea. Odilia alikuwa ametoka na kusimama mlangoni. Ildefonsi alijiweka kati yake na ile simu.

"Hapana. Mbele za watu nimesimama mimi, kwa sababu kosa ni langu. Yeye hana kosa la kuonyeshwa hadharani. Mpime ndani, uwe wewe na mwalimu wake, mlango ufungwe."

"Mzee, muda..."

"Kama huna muda huo, nenda. Lakini mtoto wangu hatapimwa katikati ya kuku."

Katika miaka yote ya utumishi wake, hakuwahi kusema neno lililostahili heshima zaidi ya hilo, na alilisema siku ambayo watu walikuwa wameacha kumheshimu. Brighton alimtazama, akaangalia matope ya viatu vyake, akaingia ndani.

Waliyofanya sakristia yalijulikana baadaye kutoka kwa Ghati. Brighton alimpa Odilia habari fupi ya bei za mazao. Alihangaika na mistari miwili mpaka jasho likamtoka. "Mahindi" ikawa "mahali", "wakulima" ikamshinda kabisa. Kisha Brighton, kwa ushauri wa Ghati, akamsomea habari yote mara moja kwa sauti na kumwuliza maswali. Odilia alijibu yote, na akamwonyesha kwamba mwandishi alijichanganya, maana mwanzo alisema bei imepanda na mwisho akasema wanunuzi wamepungua kwa kuwa mazao ni mengi.

Brighton alitoka nje. Alipeana mkono na Ildefonsi kwa mikono miwili, akainama kama wanavyoinama vijana wa hapa. "Shikamoo, mzee," alisema, ingawa asubuhi walikuwa wameshasalimiana. "Siahidi kitu. Nitaandika nilichokiona."

Mambo yaliyofuata hayakuwa mepesi. Paroko alimwita Ildefonsi, akamsimamisha kuongoza ibada, na Ildefonsi alikubali bila kujitetea. Njiani baadhi ya watu walimsalimu kwa kichwa tu, bila makofi. Kuna waliosema mtoto alikuwa amerogwa, na kuna waliosema baba alikuwa akitafuta misaada. Bazilio alimwuliza kwa kejeli kama na sala za jioni alizikariri shambani. Ildefonsi alijibu, "Hizo nazijua. Lakini uliza, una haki." Hiyo ndiyo bei ya uongo: hata ukweli wako wa zamani hutiliwa shaka. Aliilipa yote, na kulipa kulimfaa.

Barua ya ufadhili ilifika kabla ya masika kwisha. Jina la Odilia lilikuwemo. Mama yake aliipokea barua hiyo shuleni, akaibeba kifuani mpaka nyumbani, akampa binti na si mume. "Msomee baba yako," alisema, kisha wote watatu wakacheka, kicheko cha kwanza katika nyumba ile kwa muda mrefu, na Ildefonsi ndiye aliyeisoma.

Odilia alihamia hosteli mjini Kasulu. Mwalimu maalumu alimfundisha kusoma kwa kipande cha kadi kinachofunika mistari ya chini, ili jicho lishughulike na mmoja tu. Kifaa cha sauti kilimsomea vitabu vya baiolojia na historia, na hapo kumbukumbu yake, ambayo kijijini ilitumika kuficha, ikaanza kutumika kujifunza. Kidato cha pili alipita, si kwa alama za kujivunia, lakini alipita. Kiingereza bado kinamsumbua. Ghati humwambia kwamba kinawasumbua hata walimu, asijione wa pekee.

Ildefonsi alirudishiwa kazi ya kufundisha watoto mafundisho ya dini. Siku hizi ana utaratibu wake. Humwita mtoto mmoja mmoja kando, akamfungulia ukurasa ambao mtoto hajawahi kuuona, akamwacha ajaribu. Anayekwama hamchapi wala hamtaji mbele ya wenzake. Humpeleka kwa Mwalimu Ghati. Wapo aliowapeleka tayari, na mmoja wao ni mtoto wa Bazilio.

Likizo ya Krismasi Odilia alirudi Kitanga akaomba mwenyewe kusoma. Wazee wa kigango walijadiliana. Hatungimana ndiye aliyemaliza mjadala: "Tulimsikiliza alipokuwa hasomi. Tumsikilize anaposoma."

Padri alikuwepo siku hiyo. Odilia alipanda mimbarini na kile kipande cha kadi. Lilikuwa somo fupi lililoanzia chini ya ukurasa, na alilisoma polepole sana, kidole kikitembea juu ya kadi. Katika neno moja alisimama, akarudi nyuma, akalivunja silabi kwa silabi, akalipata. Watoto waliokaa sakafuni walitulia. Bibi wa mizizi ya mkaratusi aliinamisha kichwa mbele kama mtu anayesukuma gari lililokwama.

Ildefonsi alikaa benchi la katikati kati ya waumini wengine, mikono juu ya magoti. Somo lile alilijua lote. Binti yake alipokwama aliinua macho, akamtafuta baba yake kwa mazoea ya miaka, akamwona. Midomo ya Ildefonsi ilikuwa imefungwa. Odilia akarudisha macho kwenye kitabu, akasogeza kadi mstari mmoja chini, akafunua ukurasa, akaendelea.